Kutafuta kazi ukiwa Kigoma: faili, tangazo, barua, nauli na ukimya wa mwajiri

Maombi mengi ya kazi hayakataliwi na mtu aliyekaa akakupima. Yanaanguka kabla ya hapo: barua haina sahihi, jina la kwenye cheti halifanani na la NIDA, transkripti haikuambatishwa, simu haipatikani siku ya kuitwa. Mtu anatuma maombi arobaini, hajibiwi hata moja, mwisho anaamini hana bahati au hana mtu wa kumshika mkono. Wenye watu wao wapo, hilo halifichiki. Ila kabla ya kufika huko kuna sehemu kubwa iliyo mikononi mwako, na hiyo ndiyo tutakayoipitia hapa.

Faili lianze kabla ya tangazo

Nunua faili la plastiki lenye mifuko. Ndani yake viwemo cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha sita kama ulifika, cheti cha taaluma pamoja na transkripti yake, usajili wa bodi kama fani yako inaudai, leseni kama ni dereva, kitambulisho cha NIDA au walau namba yake, na picha nne za pasipoti saizi. Karatasi ya matokeo uliyopewa shuleni siyo cheti. Matangazo ya serikali hulisema hilo waziwazi, na bado kwenye kila usaili kuna wanaorudishwa mlangoni nayo mkononi.

Kisha panga vyeti vyote mezani, usome jina herufi kwa herufi. Hamisi na Khamis kwako ni mtu mmoja, kwa anayehakiki ni wawili. Tofauti ndogo ya herufi hutibiwa kwa kiapo mbele ya wakili, kinachotamka kwamba majina yote hayo ni ya mtu yuleyule. Kama umebadili jina kabisa, kwa ndoa au kwa dini, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kosa likiwa upande wa NIDA, peleka cheti cha kuzaliwa na vya shule kwenye ofisi yao ya wilaya warekebishe. Fanya hivyo leo. Matangazo mengi hukaa wazi kama wiki mbili, na marekebisho ya jina hayakuhakikishii kumalizika ndani ya wiki mbili. Aliyepoteza cheti aanze na taarifa ya upotevu polisi, ndipo aende NECTA, yaani Baraza la Mitihani, au chuoni.

Nakala zigongwe muhuri na wakili mara moja, kisha uzitunze kwenye simu, kwenye barua pepe na kwenye flashi. Unapoziskani, mwambie wa stesheneri aweke nukta 150 hadi 200 kwa inchi. Ukurasa wa A4 utasomeka vizuri na faili halitakuwa zito. Akiweka 600 kwa rangi, mfumo wa maombi wa mtandaoni utalikataa kwa ukubwa, na wewe utadhani ni mtandao. Kila cheti kiwe PDF yake, ipewe jina linaloeleweka, siyo "Doc 0047". Picha ya cheti iliyopigwa kitandani, kidole gumba kikionekana pembeni, isitumwe popote.

Halafu kuna suala la akaunti, ambalo huwakata wengi miguu. Mtu anaingia stesheneri, kijana wa pale anamfungulia barua pepe kwa namba ya simu ya duka na neno la siri analolijua yeye. Miezi minne baadaye mwombaji anaitwa usaili, neno la siri limesahaulika, na namba ya kulirudisha inaenda kwenye simu ya mtu ambaye ameshahamia Mwanza. Fungua barua pepe yako mwenyewe kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Neno la siri liandike kwenye daftari nyumbani. Ukitumia kompyuta ya watu, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla hujainuka.

Kwa walio Manyovu, Kagunga na sehemu nyingine za mpakani: simu hupenda kukamata minara ya upande wa pili. Nenda kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiacha ijichagulie. Mwajiri akipiga mara mbili bila kukupata, anashuka kwenye jina linalofuata.

Kazi za mkoa huu ziko wapi

Ramani ya ajira ya Kigoma haifanani na ya Dar es Salaam, na ushauri wa kule ukiuleta huku utakupoteza. Viwanda ni vichache. Mwajiri mkubwa ni serikali: halmashauri nane za mkoa, hospitali, shule na taasisi za umma kama bandari na reli. Nafasi zake karibu zote hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ila zile za mkataba wa muda na za uchaguzi au sensa mara nyingi hutangazwa na halmashauri yenyewe. Hizo ndizo zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo. Kupita kwenye ubao wa halmashauri na wa kata mara moja kwa wiki siyo ushamba.

Kundi la pili ni mashirika yanayohudumia wakimbizi, kama wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Mishahara yao ni mizuri kuliko mingi ya mkoani, lakini mkataba unaishi kadiri mradi unavyoishi, na fedha za wafadhili zikipungua nafasi zinafungwa hata kwa waliomo. Matangazo yao huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo barua na CV ziwe za Kiingereza pia. Nafasi huwekwa kwenye tovuti za mashirika yenyewe. Anayesubiri tangazo lifike kwenye kundi la WhatsApp hulipata zikiwa zimebaki siku mbili.

Tatu ni ujenzi. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, ulisainiwa mwaka 2022, na zipo pia kazi za barabara. Kwa mkandarasi CV ndefu haina kazi. Fundi nondo, mpima, mwendesha mtambo na dereva hupimwa kwa vitendo, na karatasi inayotakiwa ni cheti cha VETA au leseni yenye daraja la chombo husika. Fundi uliyejifunzia kazini bila kukaa darasani, ulizia VETA Kigoma habari za urasimishaji wa ujuzi: unapimwa kwa unachokijua na kupewa cheti. Wengi hawajui kama njia hiyo ipo, na ndiyo inayowatenganisha na fundi wa kulipwa kwa siku.

Shule binafsi, zahanati, maduka ya jumla ya Mwanga hapa mjini Kigoma, hoteli na mialo kama Kibirizi haitangazi. Huko ni kwenda kwa miguu. Nenda Jumanne hadi Alhamisi asubuhi, ukiwa na CV ya ukurasa mmoja, umuulize anayehusika na ajira kwa cheo chake. Kazi za mwaloni uzipangie msimu: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na uvuvi ukisimama, wabebaji, waanikaji dagaa na wauza barafu nao husimama.

Tangazo lisomwe na kalamu mkononi

Chukua mfano wa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji. Sifa zake kwa kawaida ni kidato cha nne au cha sita, pamoja na astashahada ya NTA ngazi ya 5 katika fani zilizotajwa kwa majina: utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha, maendeleo ya jamii, sayansi ya sanaa. Mwenye astashahada ya uhasibu anajiambia uhasibu nao ni fedha, anatuma. Fani hiyo haikutajwa, naye amechoma bando bure.

Pigia mstari kila sifa iliyoandikwa kuwa ya lazima, kisha andika pembeni jina la karatasi inayoithibitisha. Serikalini, ukikosa moja tu achana na nafasi hiyo. Matangazo mengi huweka pia ukomo wa umri wa miaka 45. Kwa mashirika na kampuni binafsi pana nafasi kidogo: wakiomba uzoefu wa miaka mitatu nawe una miwili yenye kazi ileile, omba. Wakiomba leseni ya udereva nawe huna, usiombe.

Nafasi nne kwa wiki zilizosomwa hivi zina faida kuliko thelathini za kubofya.

Ndani ya mfumo wa Ajira

Huu ni mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Anwani ni portal.ajira.go.tz na kujisajili ni bure. Jaza akaunti yote siku ambayo hakuna tangazo, usiku, mtandao ukiwa mwepesi. Kila cheti kiingie sehemu yake. Cha taaluma kikiwekwa kwenye viambatisho vingine badala ya sehemu ya elimu, akaunti inasomeka kama huna taaluma. Jina la kozi lichague kama lilivyo kwenye cheti, siyo linalokaribiana. Transkripti iambatane na cheti.

Sehemu ya makazi ya sasa isipitwe kwa haraka. Sekretarieti imekuwa ikifanya usaili mikoani, na mkoa wa kusailiwa hufuata anwani uliyojaza. Aliyesoma Dodoma, akarudi Kasulu bila kubadilisha anwani, ataitwa Dodoma.

Barua iandikwe, ichapwe, isainiwe kwa kalamu, ndipo iskaniwe. Barua isiyo na sahihi ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za kukataliwa. Anwani ya mpokeaji inakiliwe kutoka kwenye tangazo lenyewe, na jina la nafasi liandikwe neno kwa neno. Usiache kutuma hadi usiku wa mwisho, maana ndio usiku wa nchi nzima. Baada ya kutuma rudi kwenye akaunti, angalia kama ombi linaonekana. Majibu huonekana humohumo, na ukikataliwa sababu huandikwa. Isome, hata kama inauma.

Barua moja, aya mbili

Tuseme unaomba utunza ghala kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi. Aya ya kwanza ni hii, ambayo kila mwajiri ameshaisoma mara mia:

"Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mbunifu, mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu na bila kusimamiwa. Naamini nitakuwa na mchango mkubwa katika kampuni yako."

Na ya pili:

"Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Kwa miezi kumi na minne nimetunza ghala la saruji na nondo hapa mjini. Napokea mzigo kwa hati ya kupokelea, naandika leja na kadi ya ghala siku hiyohiyo, na kila Jumamosi nahesabu bidhaa na kulinganisha na leja. Niko tayari kuanza ndani ya wiki moja."

Ya pili ni ndefu kwa mistari miwili tu, lakini msomaji ameona elimu, aina ya mzigo, utaratibu wa kazi na tarehe ya kuanza. Uaminifu ameuona kwenye kuhesabu kila Jumamosi bila kuambiwa. Kama hujawahi kuajiriwa, andika ulichofanya kwenye mafunzo kwa vitendo au kwenye duka la shangazi kwa namna hiyohiyo: nini, kiasi gani, mara ngapi.

CV isizidi kurasa mbili. Toa dini, kabila, na "kusoma vitabu na kutazama mpira". Kazi ya karibuni ianze juu. Wadhamini watatu, kila mmoja na cheo na namba inayopatikana, na uwapigie kabla ya kuwaandika. Kila miezi mitatu wakumbushe, "Shikamoo mwalimu, bado natumia jina lako kwenye maombi, wiki hii nimeomba mahali fulani." Mdhamini anayeshtuka akiulizwa habari zako anakuharibia bila kukusudia.

Kuusoma ukimya

Daftari la kurasa mia linatosha. Chora safu: tarehe ya kutuma, mwajiri, nafasi, mwisho wa maombi, nilichotuma, gharama, kilichotokea. Safu ya gharama ndiyo inayofumbua macho, ukikuta nakala, bando na nauli za mwezi zimefikia pesa ambayo ingetosha kununua mtaji wa mawese.

Baada ya maombi kumi na tano angalia mahali unapokwamia. Kama hakuna aliyekupigia kabisa, tatizo liko kwenye CV au unaomba nje ya sifa zako. Mpe mtu asiyekufahamu CV yako kwa nusu dakika, uichukue, umuulize mwenye CV hii anatafuta kazi gani. Akisita, iandike upya. Kama unaitwa kwenye mtihani wa mchujo lakini huendelei, CV iko sawa, iache ilivyo. Tatizo ni maandalizi. Kama unafika mahojiano mara tatu na kila mara unaishia "tutakupigia", chunguza wadhamini, chunguza jibu lako la mshahara, na umwombe mtu akusaili kwa sauti huku amekukazia macho. Watu hubadili CV wakati kilichooza ni mahojiano, na hubadili mavazi wakati kilichooza ni CV.

Kwa mwajiri binafsi, piga simu mara moja, wiki mbili baada ya siku ya mwisho ya maombi, saa nne asubuhi. Taja nafasi, taja tarehe uliyotuma, uliza kama wameshaita watu. Isizidi dakika moja. Ukipiga mara tatu unageuka usumbufu.

Ukimya mwingine hauna tiba: nafasi imepata mtu wa ndani, mradi umekosa fedha, au waliokidhi sifa ni mia nne na kiti ni kimoja. Baada ya siku sitini ikatie mstari kwenye daftari, usiiote tena. Na ndugu wakikuuliza kila jioni "bado tu?", waambie siku moja ya wiki utakayowapa taarifa, iwe Jumapili. Hii inapunguza maneno nyumbani kuliko ugomvi.

Usaili na nauli

Usaili wa serikali huwa na mchujo wa kuandika, vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Mtaala wako ni orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo. Kila jukumu litengenezee maswali matatu: sheria au mwongozo gani unahusika, hatua zake ni zipi, na huwa linaharibikia wapi. Kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa mfano, lazima ujue kuwa yeye ni katibu wa halmashauri ya kijiji, kwamba halmashauri hiyo ina wajumbe 15 hadi 25, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Anayejua haya anajibu hata swali ambalo hakulitegemea. Aliyekariri "naomba kujitambulisha" anaishia kwenye jina.

Nenda na vyeti halisi, siyo nakala peke yake, pamoja na kitambulisho. Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Kwa hiyo nauli iwekwe kabla ya wito. Leo hii ulizia stendi nauli ya Dodoma, uizidishe mara mbili kwa kwenda na kurudi, ongeza malazi ya usiku mbili na chakula cha siku tatu, kisha ongeza robo ya jumla. Fedha hiyo ikae kwenye akaunti ya simu ambayo haiguswi. Treni ya reli ya kati haiondoki kila siku, na basi linaweza kukwama. Ufike siku moja kabla.

Siyo kila wito unastahili nauli. Orodha ya walioitwa huonyesha idadi: nafasi mbili na walioitwa mia sita mjini Dodoma ni tofauti na nafasi arobaini na walioitwa mia tatu. Ya kwanza, kama nauli ni ya kukopa, hakuna aibu kuiacha.

Anayeomba pesa ya fomu

Sekretarieti ya Ajira haitozi chochote, na kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zinakataza kumtoza mtafuta kazi ada. "Ya fomu", "ya vipimo", "ya sare", "ya kumpoza bosi", zote ni za tapeli. Dalili nyingine ni haraka: mwisho wa kutuma ni saa kumi leo, na kazi haina usaili. Ujumbe wa namna hiyo upeleke kwenye namba 15040, ya kuripoti utapeli wa simu. Anayekuomba rushwa akiwa ofisini kweli ripoti TAKUKURU, 113, bure. Rushwa ya ngono nayo ni kosa la jinai chini ya sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa hasira.

Ukishapata

Furaha isikufanye usaini bila kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi, kituo, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na mshahara. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28. Omba nakala yako siku hiyohiyo. Ukiambiwa "utaipata baadaye", andika kwenye daftari lako tarehe ya kuanza, jina la aliyekupokea na mshahara mliokubaliana, na utunze kila ujumbe wa malipo kwenye simu.

Ukiachishwa ndani ya miezi sita ya kwanza, njia ya kudai kuachishwa isivyo haki ni finyu, kwa sababu sheria haimlindi kwa hilo aliye chini ya miezi sita. Aliyepita hapo ana siku 30 tu tangu kuachishwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na siku 60 kwa madai mengine kama mshahara usiolipwa. Wengi hufika siku ya arobaini, wamemaliza mwezi mzima wakimbembeleza meneja.